Severini Kobelo (1914–1957) na Sare Aliyoidai

Marehemu Severini Kobelo alizaliwa Mgeta tarehe 2 Mei 1914, mtoto wa tatu wa Mzee Benedikto na Mama Felista. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Dini alifaulu; kuamka mapema kulimshinda.

Mwaka 1942 alichukuliwa jeshini, akafika hadi Burma. Alirudi 1946 na koti moja na mchezo wa sataranji. Tarehe 11 Januari 1947 alifunga ndoa na Yuliana, akalima kabichi na njegere kwenye matuta ya ukoo wa mkewe. Kila Jumamosi alishusha mzigo sokoni Morogoro, kisha haonekani tena: yuko kibarazani kwa mtani wake Hatibu Salehe, muuza chumvi, ambaye Severini ndiye aliyemfundisha sataranji.

Novemba 1954 mchezo mmoja uliwatenganisha. Severini alibaki na mfalme peke yake. Hatibu alikuwa na mfalme na askari mmoja, ambaye akifika mstari wa mwisho hugeuka malkia.

"Nimeshinda! Hesabu, mtani. Mimi wawili, wewe mmoja."

"Usihesabu, tazama walivyosimama. Umemtanguliza askari, mfalme kajificha nyuma, kama wakubwa wote. Hapiti. Sare hiyo."

"Mtu wa kabichi wewe, hujui kushindwa!"

Hatibu akazoa vipande, akafunga duka. Karibu miaka mitatu hawakusalimiana. Marehemu akawa anawahi kurudi nyumbani, jambo ambalo hata Yuliana hakulifurahia.

Kifua kilimwanza Machi mwaka huu. Alilazwa Morogoro, Julai akaomba arudishwe Mgeta.

"Nisife tumenuniana," alimwambia mkewe.

Yuliana akatuma salamu. Hatibu akapanda mlima na ubao wake, akapanga vipande vilevile.

"Cheza."

Akamsukuma askari, mfalme wa Severini akasimama mbele yake. Hatibu akamzungusha mfalme wake huku na huku, wapi. Mwisho Severini hakuwa na pa kukanyaga, wala hakuwa ameshambuliwa, na kwa sheria hapo hakuna mshindi.

"Sare, mtani," akasema Hatibu. "Ungeniambia taratibu siku ile."

"Nilikuambia."

"Ulikuwa unacheka."

Marehemu akacheka tena, mpaka ikabidi ashikwe mgongo. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1957.

Ameacha mama yake, mjane Yuliana, watoto Magdalena na Paulo, na mtani huyo. Asubuhi hii Hatibu alishuka kaburini, kama ilivyo haki ya mtani, ambaye hatoki mpaka alipwe. Wachimbaji wakampa jogoo atoke, akamkataa.

"Niacheni kidogo," alisema. "Nikitoka mimi, ataingia yeye."

Sasa ametoka. Severini, pumzika kwa amani.