Herufi Nane za Shuka

Mwenye uwanja alikuwa ametangaza: vibanda vyote viondoke leo, kabla ya saa sita. Asubuhi ile benchi la kona lilijaa maneno kuliko watu. Walikaa Kinyozi, Spoku fundi baiskeli, na muuza kahawa na birika lake. Mbele yao, mlangoni pa kibanda chake cha kuchapa, Dada Wino ameinamia printa kuukuu. Amekata shuka lake jeupe vipande vinane, akabandika kila kimoja juu ya karatasi ngumu, na sasa anailisha mashine herufi moja moja za bango: HATUHAMI.

— Shuka la kitanda chako? Kinyozi alimchokoza. Utatandika nini?

— Nikifukuzwa hapa, hicho kitanda nitakiweka wapi?

— Mngenisikiliza mimi, Spoku akadakia, tungetia maji ya limau kwenye katriji ya wino, tumchapie mwenye uwanja barua. Inamfikia nyeupe pee! Akiipiga pasi, maneno hayo!

— Yule apige pasi? Kinyozi alisema. Hata kola anapigiwa!

— Basi tutie kahawa, alisema muuza kahawa. Asome huku ananusa, moyo ulainike.

— Mnacheza nyie! Kinyozi akasimama. Tuchape vibanda vyenyewe, vya karatasi, saizi ile ile. Greda libomoe hivyo, sie tuko nyuma tunakunywa.

— Na upara wako tuuchape uwe kitasa cha mlango! Spoku akamjibu.

Walicheka mpaka benchi likalia. Dada Wino hakucheka. Mashine ilikuwa inatema herufi ya mwisho.

Akatokea mama mmoja, mtoto mgongoni, amekuja kutoa kopi ya cheti. Akaitazama kazi, akatazama mawingu.

— Samahani jamani. Ikinyesha, huo wino hautoki?

Dada Wino alihisi masikio yakimwaka. Miaka yote ya kuchapa, na hilo hakuliwaza. Wino wake ulikuwa wa maji.

Akachukua kikombe cha kahawa cha Spoku, akaimwagia M yote, aone mvua itafanya nini. Wino ukavimba, ukashuka michirizi mpaka ukingoni.

— Umeiharibu! Spoku alilia.

— Mama, inasomeka?

— Inasomeka. Ila inatisha.

— Nataka itishe.

Akavibandua vipande kwenye karatasi, akaviunga kwa pini. Ngurumo ya greda ilisikika njia panda, na matone yakaanza. Akashika ncha ya H, akawageukia.

— Haya, mabingwa wa benchi. Nani anashika I?

Yule mama alikuwa ameshaishika. Wakatangulia wawili barabarani, herufi zikichuruzika kati yao. Nyuma, mmoja baada ya mwingine, wanaume wakaliacha benchi.