Mzee Timazi na Ubao wa Mita Mia

Wasifu huu umeandikwa na mjane wa marehemu na unasomwa na binti yao mkubwa. Mjane ameomba usikatizwe.

Marehemu, ambaye sote tulimwita Mzee Timazi, alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi seremala na mshona nguo. Utotoni aliuliza maswali yasiyokwisha kuhusu vitu, wala hakuuliza neno kuhusu watu. Mama yake alisema tabia hiyo itakuja kumponza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1964 hadi 1970, kisha shule ya ufundi, alikojifunza vyombo vya kupimia mpaka Novemba 1974. Huko aliketi dawati moja na kijana mcheshi, mwepesi wa maneno, asiyependa kazi ya kurudiarudia. Marehemu alimfanyia hesabu. Yeye alimfanyia marehemu mazungumzo na wasichana. Wakawa chanda na pete. Kijana huyo alikuwa na dada.

Siku alipofika ukweni kwa mara ya kwanza, marehemu aliwaamkia wazee, akaketi, akainuka tena. Picha ya ukutani ilikuwa imeinama upande. Akatoa mfukoni timazi yake, uzi wenye kijichuma kizito nchani, akainyoosha picha ile mbele ya watu wote. "Huyu amekuja kuposa au kukarabati nyumba?" baba mkwe akauliza. Mchumba alicheka mpaka akakimbilia jikoni. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, na jina la Timazi lilikuwa limeshamganda. Rafiki wa dawatini akawa shemeji.

Tangu 1975 marehemu alitengeneza vyombo vya wapima ardhi. Mwaka 1989 klabu ya walenga shabaha ilimwajiri awe mpimaji wa darubini za bunduki. Aliyempendekeza alikuwa katibu wa klabu, yaani shemeji huyohuyo. Klabu ilikuwa na uwanja wa mita mia tu, ilhali mashindano makubwa yalikuwa ya mita mia tisa, kwenye mji mwingine, na hayakuruhusu risasi za majaribio. Ilibidi marehemu ajue hapa karibu jinsi darubini itakavyofanya kule mbali.

Alisimamisha ubao mrefu kuliko mlango, akauchora mstari wima kwa timazi. Alifunga bunduki kwenye meza, akalenga alama ya chini, akapiga. Kisha alizungusha kigurudumu cha juu ya darubini hatua mia, akisikiliza kila tiki, akalenga alama ileile na kupiga tena. Kwenye mita mia, kila hatua ni sentimita moja, kwa hiyo tundu la pili lilipaswa kuwa mita moja kamili juu ya la kwanza. Likipungua, darubini ni mwongo, na hapati saini yake. Alirudia mara tatu kwa kila darubini. Wanachama walimtania kwamba hata chai huipima kabla hajainywa. Kitu kimoja tu hakukipima tena, nao ni umbali wenyewe. Nguzo za ubao alizichimbia na shemeji mwaka uleule wa 1989, kila mmoja ameshika ncha yake ya futi ya utepe. Angepimaje upya jambo alilolifanya na ndugu?

Mwaka 2009 shemeji aliiagizia timu darubini nane mpya, akajigamba mkutanoni kwamba hakuna klabu yenye kama hizo. Marehemu alizipima zote. Zilitoa mita moja kamili, naye akatia saini. Tarehe 22 Agosti, kwenye mita mia tisa, risasi za timu nzima zilianguka karibu sentimita thelathini chini ya shabaha. Tarehe 3 Septemba barua ya kumfukuza kwa uzembe ilibandikwa kwenye mlango wa klabu, imetiwa saini na katibu.

Siku mbili baadaye alikwenda kurudisha ufunguo, akapima umbali peke yake. Ulikuwa mita mia na nne. Nguzo zilikuwa zimesogezwa nyuma, mashimo ya zamani yamefukiwa na kupandwa nyasi. Umbali ukizidi, kila hatua nayo hurefuka, hivyo kwa mita hizo nne za ziada, darubini inayopunja kila hatua huonekana sahihi kabisa. Wenye ufunguo wa uwanja walikuwa wawili tu, yeye na katibu.

"Umekuta nini?" mkewe alimuuliza aliporudi.

"Nyasi," alijibu. Kwa miaka kumi na moja hakuongeza neno.

Katika miaka hiyo, mjane anakiri mbele yenu, alimsimanga mumewe. Alimwambia amewaaibisha, na kwamba macho yake yamechoka na hataki kukubali. Kaka yake naye alikuja kila Jumapili, akala, akashiba, akamliwaza: "Vumilia, dada. Mtu akizeeka mkono hukosea." Alisema hivyo marehemu akiwa ameketi mezani hapohapo.

Moyo wa marehemu ulianza kudhoofika Juni 2020. Alilazwa tarehe 2 Februari 2021. Tarehe 11, mjane alipokuwa akirudi wodini na dawa, alimsikia kutoka mlangoni kaka yake akimuuliza mumewe.

"Shemeji, mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Dada yako? Ana kaka mmoja tu."

"Nilishajigamba, bwana. Nilidhani tofauti itakuwa ndogo."

"Ungeniambia tu darubini ni mbovu, shemeji. Ningekutafutia njia."

Mjane aliingia, akampa mumewe dawa. Siku sita zilizobaki hazikutosha kumwomba radhi ya miaka kumi na moja, ingawa alijaribu. "Basi, mama watoto, basi," ndilo jibu alilopata. Mjane ana hasira naye pia. Marehemu alimkinga mkewe asiumizwe na kaka yake, halafu akamwacha mkewe huyo amuumize mtu asiye na kosa. Marehemu alifariki tarehe 17 Februari 2021, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Juzi kaka alimwomba mjane aziondoe aya hizi. "Dada, maziko si mahali pake."

"Barua yako uliibandika mlangoni, kila mtu akaisoma," alimjibu. "Na hii wataisikia."

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano na dada yake mdogo. Shemeji naye yupo, ameketi safu ya mbele. Alikuwa amepangwa kubeba jeneza upande wa kichwani. Nafasi hiyo ataishika binti mkubwa mara tu atakapomaliza kusoma, na shemeji anaombwa abaki alipoketi.

Pumzika kwa amani, Mzee Timazi. Hukuwa mzembe.