Kesi ya Kompyuta ya Ritha

Pale Kambarage mjini Shinyanga, nje ya studio ya Ritha ya kupiga picha na kutengeneza video, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu ya mninga na mguu wa nne wa tofali. Wenyewe wanaliita Bunge, ingawa tangu liwekwe halijapitisha hoja hata moja. Wanaolikalia ni walewale kila siku. Kuna Mzee Januari, aliyekuwa kamanda wa sungusungu kijijini kwao enzi za wizi wa ng'ombe, na mpaka leo anaitwa Kamanda. Kuna Donatus, aliyechimba dhahabu upande wa Bulyanhulu miaka tisa, akatoka bila dhahabu ila na jina la Duara, kwa maana ya shimo la mchimbaji. Sasa anauza kahawa na kashata. Na kuna Marcel wa bodaboda, anayejiita Injinia kwa sababu simu yake imejaa video za mafundi. Ubishi wa hawa watatu unatosha kata nzima, na Ijumaa ile walipata kesi ya saizi yao.

Saa saba mchana Ritha alitokea mlangoni amejishika kichwa.

— Imeganda tena! Asilimia sitini na nne, kimya!

Duara alikuwa anamimina kahawa. Akasimamisha birika hewani.

— Leo mara ya ngapi?

— Ya pili. Na wiki hii nimeacha kuhesabu.

Halikuwa jambo la mzaha. Ndani ya studio, kwenye stuli karibu na kioo cha kompyuta, alikaa mama yake Ritha, Klara, aliyetoka Kharumwa na basi la kwanza. Klara anaongoza kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya majembe. Mara mbili kikundi chake kimeachwa kwenye tamasha la Dodoma, na safari hii hatimaye kimechaguliwa, kwa sharti moja: kitume filamu ya dakika nane kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi inakwenda kwa kikundi kinachofuata. Ritha alishaipiga filamu, akaikata, akaiwekea sauti za ngoma vizuri. Ilibaki kuipika tu, yaani kompyuta iunganishe vipande vyote kuwa kitu kimoja, kazi ya dakika arobaini. Na kila ikipika, inaganda.

Ubaya ni kwamba Ritha mwenyewe alijua ameigusa. Jumatatu, kwa tamaa ya kupata mashine bora, alifanya mambo mawili kwa mkupuo. Kwanza alipunguza volteji ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ili ipoe, maana chini ya bati la Shinyanga kompyuta inachemka kama maharage. Pili aliongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, kipande kipya kando ya kile cha zamani, akaviamuru vyote viwili vikimbie kwa spidi ya kile kipya. Siku hiyo alijisifu Bungeni mpaka akanunua kahawa ya watu wote. Sasa aliona aibu hata kuwatazama.

— Mimi nilisema, akaanza Injinia. Haba na haba hujaza kibaba. Wewe ukampunguzia prosesa umeme haba na haba, kibaba kikabaki kitupu. Njaa hiyo!

— Siyo njaa, akakata Kamanda. Ni hayo matundu ya nyuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yazibe.

— Mzee, hayo ni ya kutolea joto, akasema Ritha.

— Joto ni mali, binti. Mali haitolewi nje.

— Acheni hizo, akasema Duara. Tatizo ni RAM. Nimeziona kwa macho yangu, zina meno ya njano. Ile ni dhahabu! Mnacheza na dhahabu nyie? Dhahabu ya duara hili na dhahabu ya duara lile hazilali chumba kimoja. Kule machimboni tulikuwa tunachinja kuku mweupe kwanza.

— Kuku wa kompyuta? akauliza Injinia.

— Kuku ni kuku.

Kutoka ndani ikasikika sauti ya Klara, ya upole, ambayo ndiyo ilimchoma Ritha kuliko kelele zote.

— Ritha, saa ngapi?

— Saa saba na dakika tano, mama. Tunairekebisha.

Kamanda akaweka kikombe chini, akanyoosha mgongo. Mtu akimwona hivyo hujua kikao kimefunguliwa.

— Sikilizeni. Hii ni kesi ya wizi. Kuna kitu kinaiba kazi ya huyu binti. Watuhumiwa tunao: prosesa aliyepunguziwa umeme, na RAM aliyekimbizwa. Sungusungu tulikuwa na kanuni moja, haijawahi kutuangusha. Mkamate mtuhumiwa mmoja, mweke ndani. Wizi ukiendelea, huyo hana hatia. Mwachie, mwombe radhi, mrudishie haki yake yote. Halafu kamata mwingine.

Ritha aliona ina akili. Ukweli ni kwamba kwa hofu aliyokuwa nayo, hata kuku mweupe ungemkuta anamtafutia kamba. Akarudi ndani, akaizima mashine, akaiwasha huku amebonyeza kitufe cha kuingilia kwenye mipangilio, akamrudishia prosesa volteji yake ya kiwandani. RAM hakuigusa. Akaanza kupika. Bunge zima likahamia mlangoni.

Asilimia kumi. Thelathini. Sitini na tano, wakapiga makofi. Sabini na mbili, ikaganda.

— Prosesa hana hatia! akatangaza Kamanda. Mwachie.

— Nimwache na volteji hii hii?

— Hapana! Mtu aliyesingiziwa anarudishiwa haki yake kama ilivyokuwa. Mrudishe alipokuwa.

Ritha akairudisha chini ile volteji, kwa sababu kweli joto lilikuwa limepanda na feni ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga. Akamkamata RAM. Akashusha spidi mpaka ile ya kipande cha zamani, akaanza upya. Safari hii hakuna aliyepiga makofi mapema. Ilifika asilimia thelathini na moja tu. Picha ya mama yake ikasimama na jembe juu kichwani, haishuki.

— Ritha, saa ngapi?

— Saa nane na dakika tano, mama.

Alilisema hilo akiwa amegeukia ukutani. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe. Nani alimtuma kuchezea mashine wiki ya kazi ya mama yake?

Nje, kwa vile watuhumiwa wote walikuwa wameachiwa huru, Bunge lilivuka mipaka.

— Basi ni umeme wa mtaani, akasema Injinia. Niifunge kwenye betri ya pikipiki. Nikivuta mafuta, na yenyewe inavuta.

— Itaondoka na kompyuta! akacheka Duara. Hapana. Hiyo RAM ya zamani ina wivu. Imekaa peke yake miaka mitatu, leo unaileta nyingine mpya ndani, na bado unaiambia ikimbie nayo sawa. Mke mkubwa gani atakubali?

— Nyie watoto, akasema Kamanda kwa sauti ya chini, mnazunguka tu. Ngoma hii. Wasukuma tunajuana kwenye mashindano ya ngoma. Kikundi kinachosubiri nafasi ya Klara kimetupa kitu. Zamani dawa ilikuwa inalegeza ngozi ya ngoma ya mwenzako. Sasa dawa nayo imejifunza kompyuta.

— Imesomea wapi? akauliza Injinia.

— Akili ni nywele, akajibu Kamanda, ambaye kichwani hana hata moja.

Hapo ndipo alipofika Mama Rohit, jina lake Bhavna, wa duka la vitambaa la jirani. Alikuwa na kitambulisho mkononi.

— Habari zenu. Ritha, nitolee kopi moja.

— Shikamoo, Mama Rohit. Nisamehe, mashine ina kesi.

— Marahaba. Kesi gani tena?

Wakamweleza, wote watatu kwa pamoja, prosesa, RAM, kukamatwa, kuachiwa, kuku, mke mkubwa na dawa. Mama Rohit alisikiliza mpaka mwisho akijipepea na kitambulisho.

— Nimeelewa. Lakini nani aliwaambia mwizi ni mmoja?

Injinia alitazama tofali la benchi. Duara alifungua mdomo, akatia kashata ndani yake badala ya maneno. Kamanda alibaki anamwangalia mama wa watu kama aliyeulizwa jina la baba yake akalisahau.

— Rudia, Mama Rohit, akasema mwishowe.

— Nasema hivi. Huyu ukimfunga, yule anaiba. Yule ukimfunga, mmeshamwachia huyu. Mimi dukani kwangu wezi wanakuja wawili wawili kila wiki.

Kamanda akakaa taratibu.

— Mwaka ule, akasema, kulikuwa na ndugu wawili. Tulimfunga mkubwa, ng'ombe akaibwa. Tukamwachia, tukamfunga mdogo, ng'ombe akaibwa. Tukawaachia wote. Tukawaomba radhi hadharani.

Akapapasa kipara.

— Tukawachinjia na mbuzi.

Duara alicheka mpaka birika likayumba, lakini Ritha hakuwepo tena kusikia. Alikuwa ameshaingia ndani mbio. Ilikuwa wazi, wazi kiasi cha kutia uchungu: Jumatatu alivunja vitu viwili, na tangu saa saba alikuwa anatengeneza kimoja huku anakivunja tena kingine. Prosesa aliinyima umeme kupita kiasi. RAM ya zamani aliikimbiza kuliko mbio zake. Yeyote kati yao alitosha kugandisha mashine peke yake.

Akazima, akawasha. Volteji, ya kiwandani. Spidi ya RAM, ya kile kipande cha zamani. Wote ndani, kwa wakati mmoja. Saa nane na nusu akabonyeza kitufe cha kupika, na programu ikamwambia dakika hamsini, kwa kuwa sasa RAM ilikuwa inatembea.

— Joto, akasema Injinia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kitu cha maana. Prosesa akiwa ameshiba, atachemka.

— Fungueni ubavu wa kompyuta! akaamuru Duara. Duarani mtu akikosa hewa tunapeleka hewa, hatupeleki maneno!

Mama Rohit akatoka bila kusema, akarudi na feni ndefu ya dukani kwake, waya unaburuta. Wakaielekeza ndani ya tumbo la kompyuta. Kamanda akakaa mlangoni kuzuia wateja. Klara hakuuliza tena saa ngapi. Alikuwa ameshika ncha za khanga yake kwa mikono miwili, macho kwenye zile namba.

Thelathini na moja ikapita.

— Sitini na nne, akanong'ona Injinia.

Sitini na tano. Sabini na mbili ilikaa, ikakaa, mpaka Duara akaanza kumwomba Mungu kwa Kisukuma. Sabini na tatu! Kelele zilizopigwa pale ziliwatoa watu saluni ya ng'ambo ya barabara. Themanini. Tisini. Tisini na tisa ilichukua muda wa mtu kufa na kufufuka.

Mia.

Ritha alipiga ukelele ambao hakujua anao. Injinia alimkumbatia Kamanda, Kamanda akakubali kukumbatiwa. Lakini bado haijatumwa! Ritha akaunganisha intaneti ya simu, akaituma, mstari wa buluu ukatambaa kwenye kioo kwa dakika ishirini na mbili zilizomzeesha. Saa kumi kasoro dakika tisa ujumbe ukaingia, na Ritha akausoma kwa sauti: filamu imepokelewa, jina la kikundi limethibitishwa.

— Mama, mnakwenda Dodoma.

Alilia hapohapo, mbele ya Bunge zima, na hakujali. Alikuwa amefurahi kuliko siku aliyofungua studio. Duara alimnyooshea kikombe, akaliinamisha birika, likatoa tone moja tu na mabaki meusi.

— Kahawa imekwisha, akasema. Kikao kimefungwa.

Klara akainuka kwenye stuli alipokuwa tangu asubuhi. Akamshika binti yake kichwani kwa kiganja kigumu cha mkulima.

— Wabeja, ng'wanone, akamwambia. Asante, mwanangu.

Kisha akachukua simu, akapiga Kharumwa, ambako wanawake kumi na wanne walikuwa wamekaa kutwa nzima wanaisubiri iite. Hakuwasalimia. Hakuwaeleza habari ya prosesa wala ya RAM.

— Noeni majembe, akasema.