Magurudumu Manane ya Mzee Rénovat

Tarehe 30 Septemba 2004, Mzee Rénovat, fundi wetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika chekechea hii ya Ngagara. Ishirini na tisa! Wakurugenzi watano wamekuja na kuondoka, yeye yupo tu na nyundo yake.

Alianza mwaka 1975 akiwa mfagiaji. Useremala alijifunza kwa macho, umeme kwa kupigwa shoti, na ubishi sijui kwa nani. Ukimpelekea kiti kilichovunjika, kwanza atakugombeza wewe, halafu utakipata kizima kabla ya saa sita.

Ila siwezi kuacha habari ya Februari 1997. Vita vilikuwa vimewatawanya wazazi, watoto wakabaki kumi na saba. Mama Elvire, mkurugenzi wa wakati ule, akatangaza kwamba wasipofika thelathini ifikapo Pasaka, shule inafungwa. Rénovat akakumbuka treni mbili za kuchezea zilizolala kabatini tangu miaka ya hamsini. Bila kumuuliza mtu, akawaahidi wazazi wa mtaa mzima kwamba Jumamosi zitatembea. Nchi yetu haina reli hata moja, kwa hiyo watoto hawakulala kwa furaha!

Kumbe vichwa vya treni havina magurudumu! Yale ya zamani yalikuwa yamemumunyuka kama biskuti, na kwa vikwazo vya biashara tulivyowekewa na majirani wakati ule, nani angeagiza vipuri Ulaya? Alijaribu vifungo vya koti. Akajaribu bobini za cherehani. Wapi! Mwishowe akaenda mtaa wa Buyenzi kwa Massoudi, mkereza vyuma, ambaye alimchongea magurudumu manane kutoka kwenye pistoni kuukuu. Yaling'aa, jamani! Alhamisi tukayafunga, tukapiga makofi, na kwenye kona ya kwanza treni ikaacha reli na kuanguka sakafuni. Mara ya pili, vilevile. Mzee wa watu akakaa chini, uso umemshuka.

Aliyetuokoa ni Geneviève, mpishi wetu, aliyekulia karibu na stesheni ya treni ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Alicheka mpaka akashika tumbo: "Mulitengeneza magurudumu ya motokari! Ya treni inakuwaka na ukingo ku ndani, njo inashika reli!" Mafundi wawili wazima, na hakuna aliyewahi kuona treni. Ijumaa kutwa Massoudi akachonga mengine manane, yenye ukingo upande wa ndani wa kushika reli.

Jumamosi treni zikazunguka asubuhi nzima bila kuanguka. Watoto walipiga kelele, na baba zao wakawashinda.

Mimi Consolate nilikuwa mwalimu mpya, na mkobani nilikuwa na barua ya kuacha kazi. Nilikuwa nimechoka, nimeogopa, sioni faida ya kubaki. Jumatatu ile nikahesabu watoto mlangoni: thelathini na wanne. Barua nikaichana.

Mzee Rénovat, kila mwaka niliofundisha hapa tangu siku ile nimeupata kwako. Asante sana. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, wewe na wote wa nyumbani kwako. Tunakupenda mno.