Viatu vya Meya

Treni ya kwenda Tunis ilikuwa haijachanganya mwendo, Olfa akasoma ujumbe kwenye simu na kuguna kwa nguvu, hata bibi aliyekaa mkabala naye akaacha kumenya chungwa.

"Umefiwa, mwanangu?"

"Bado, bibi. Nimeandika habari ya yule mama, meya wetu mpya, alivyorudisha maji. Mhariri anataka nianze na viatu vyake, la sivyo haitoki. Na hii ndiyo ingekuwa habari yangu ya kwanza ukurasa wa mbele!"

"Na yule bwana aliyemtangulia, alivaa viatu gani?"

"Nani aliuliza?"

"Wangeniuliza mimi. Vyeusi, vinang'aa, na miaka mitano havikukanyaga mtaani kwetu."

Olfa akacheka, kisha akanywea. "Mhariri anasema wasomaji wanapenda viatu."

"Msomaji ndiye mimi! Gazeti nanunua kila siku, na si la kufungia samaki. Juzi bomba letu limetoa maji, nimeoga mpaka mume wangu akauliza naolewa wapi. Andika hilo!"

Olfa akamwandikia mhariri: "Bosi, maji yanatangulia. Viatu sivitaji." Akatuma upesi, ujasiri usije ukashukia kituo cha njiani.

Treni ikasimama Tunis. Watu wakasukumana mlangoni, na simu ya Olfa ikaita. Mhariri huyo. Bibi hakuinuka, kapu lake mapajani.

"Pokea, mwanangu. Akikataa, nipe mimi niongee naye."

Olfa akavuta pumzi, akapokea.