Naftaly Wepukhulu na Chuma Kilichoitwa Mama Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye na sufuria jikoni apunguze moto. Aliye na mteja kibandani amwombe asubiri kidogo. Leo tunamkumbuka mtu, na mtu huyu hakumbukwi kwa haraka.

Anaitwa Naftaly Wepukhulu. Fundi wa mbao. Aliishi Kawangware, akajenga Kawangware, akajenga na Kibera. Ukiona kibanda kimesimama wima kati ya stendi ya 56 na Soko la Toi, uliza vizuri, huenda ukaambiwa mkono wake ulipita hapo. Ametutoka mwezi uliopita, mwaka huu wa tisini na tisa, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Kifua kilimsumbua wiki tatu tu, basi.

Lakini sikuja kuwaliza. Nilipoenda kumpa pole mkewe, Sella, alinimiminia chai ya maziwa kisha akanikanya. "Ukienda kumsema huko redioni, usimseme na sauti ya matanga. Sema ile ya mama mkwe. Watu wacheke." Haya, Sella, nimekusikia. Nasema ile ya mama mkwe.

Kwanza mkijue chuma chenyewe.

Mbao za Nairobi mnazijua. Saiprasi inakatwa leo, kesho inapasuliwa, keshokutwa iko juu ya lori na bado inatoa maji. Ilaze juani siku mbili, inajipinda kama mkia wa mbwa. Wauza mbao mnisamehe, lakini ndivyo mnavyotufanyia. Mafundi wengine huzikata vipande vifupi, au huzigeuza kuni. Wepukhulu hakutupa mbao. Alichukua springi ya lori kuukuu, akaenda kwa fundi wa kuchomelea pale 56, akatengenezewa vidole viwili vya chuma kinene, vikaunganishwa na paipu yenye urefu wa mtu mzima. Vidole vinaibana mbao, wewe unavuta paipu, mbao inageuka polepole mpaka inakaa sawa, halafu mwenzako anapiga msumari. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: vidole viwili, paipu ndefu, na mbao iliyopinda inanyooka. Ikinyooshwa na kupigiliwa ingali mbichi, inakaukia hapo hapo.

Na chuma hicho, wasikilizaji wapendwa, kiliitwa Mama Mkwe.

Mmeanza kucheka? Ngojeni kwanza.

Sella ni binti wa Mama Musimbi, wa kule Vihiga. Mwaka wa tisini na moja alikuja Nairobi kumtembelea shangazi yake. Alikuja kukaa siku nne. Siku ya pili mlango wa shangazi ukakwama, akaitwa fundi, fundi akawa ni Wepukhulu. Mlango ulitengenezwa saa moja. Fundi alikaa mpaka jioni. Sella hakurudi Vihiga, na wala hakuaga. Wakaanza ile ndoa ya njoo-tukae, chumba kimoja cha kupanga Kawangware, na huko nyumbani hakuna aliyewahi kumwona huyo mwanamume sura.

Mama Musimbi alinyamaza miaka miwili. Mwezi wa nane, mwaka wa tisini na tatu, barua ikafika. Sella bado anaijua kwa moyo. "Ninakuja kumchukua mtoto wangu. Kama kuna kanisa na kuna harusi, nitakaa nishuhudie. Kama hakuna, Jumapili tunapanda basi sisi wawili."

Wepukhulu aliisoma barua ile mara tatu, kisha akaenda Kambi Muru, kule Kibera, kwa Mzee Lazarus, mzee wa kanisa lao dogo. Kanisa lenyewe lilikuwa nguzo tu na ua wa mabati. Mzee Lazarus akamwambia wazi: "Pasta anakuja Jumamosi. Akikuta paa, atawafungisha. Asipokuta, usahau. Alishafungisha harusi moja chini ya turubai, upepo ukaenda na turubai na kofia ya bibi wa mwenyekiti. Ameapa harudii."

Kwa hivyo shikeni hilo moja: paa lisimame Jumamosi, la sivyo Jumapili Sella anaondoka.

Jumatano lori likaleta mbao. Zote zimepinda. Zote! Muuzaji akasema atabadilisha wiki ijayo. Okello, rafiki na mshirika wa Wepukhulu, Mjaluo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alizizunguka mara mbili. "Yawa! Hizi ni mbao ama ni nyoka?" Wepukhulu alienda kuchukua chuma chake. Walikuwa watatu: yeye, Okello, na Tonny wa kupiga misumari. Wakaanza kunyoosha mbao moja baada ya nyingine.

Mama Musimbi alitarajiwa Ijumaa. Alikuja Alhamisi. Mnawajua akina mama, hawapendi kutayarishiwa. Sella akampokea kwenye basi, akataka wapitie nyumbani wanywe chai, mama akakataa katakata. "Chai baadaye. Nionyeshe hilo kanisa."

Wakafika Kambi Muru. Walipokaribia ule ua wa mabati, kabla hawajaona kitu, wakasikia sauti ya Okello.

"Leta Mama Mkwe hapa!"

"Mshike shingo!"

"Si uvute, Naftaly! Vuta huyo mama mkwe, usimwonee huruma!"

"Ameteleza! Mrudishe! Tonny, piga!"

Halafu sauti nyingine, ya chini: "Polepole, jamani. Mama mkwe kama huyu nikimharibu sipati mwingine."

Mama Musimbi alisimama pale njiani na kikapu mkononi. Sella anasema hata kuku aliyekuwa ndani ya kikapu alinyamaza. Mama akauliza, "Huyo wa mwisho ni nani?"

"Ni yeye, mama."

"Ndiye huyo."

"Mama, ni chuma. Ni chuma tu, kinaitwa hivyo."

"Kinaitwa hivyo." Mama Musimbi alitikisa kichwa. "Kumbe mimi niko Vihiga napalilia mahindi, na huku Nairobi nashikwa shingo."

Sasa kwa wasiojua, niseme. Kwetu sisi Waluhya mama mkwe si mtu wa mzaha. Mkwe hampi mkono. Hali naye meza moja. Akikutana naye njiani anaingia kwenye nyasi, anaangalia chini, anampisha apite. Kwa hiyo alichosikia Mama Musimbi hakikuwa matani ya fundi. Kilikuwa mwiko, tena mwiko uliopigiwa kelele mchana kweupe karibu na kanisa.

"Hakuna harusi," akasema. "Kesho asubuhi tunapanda basi."

Sella alitembea nyuma ya mama yake mpaka Kawangware, machozi yakimtoka. Aliniambia kitu ambacho nadhani hajamwambia mtu mwingine. Alisema hakulia kwa sababu ya mama. Alilia kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na jibu. Miaka miwili alilisikia jina lile, akacheka na wenzake, na hakuwahi hata siku moja kumuuliza mumewe kwa nini. "Nikajiambia, labda mama ana haki. Labda huyu mtu anatucheka sisi. Nikatoa begi chini ya kitanda. Nikakunja nguo mbili, nikaketi, ya tatu ikanishinda."

Wepukhulu akarudi jioni. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, mumwonee huruma. Nyumba ni chumba kimoja, na ndani ya chumba yuko mama mkwe! Ataingiaje? Alisimama uani, karibu na mfereji wa maji wa ploti, mtu mzima mwenye vumbi la mbao masikioni, akaambiwa habari na jirani aliyekuwa anafua. Nyumba ni yake, mke ni wake, na kuingia hawezi. Hakupiga kelele wala kujitetea. Alikwenda kwa Okello akamwambia, "Mimi siwezi kusema mbele yake. Nenda wewe. Beba chuma. Mwambie kwa nini."

Okello akaenda na chuma, vidole vyake vimefungwa gunia. Akabisha hodi, akainama mlangoni.

"Mulembe, mama," akamsalimu kwa Kiluhya.

Mama Musimbi alikuwa kwenye kiti, mgongo wima. "Wewe ndiye ulisema nishikwe shingo."

"Ni mimi, mama. Na nimeleta yangu ushike."

Sella akataka kucheka, akajiuma ulimi. Okello akaweka chuma sakafuni, akafungua gunia, kisha akafungua mdomo. "Mama, angalia hapa juu." Palikuwa na pengo. "Hili jino alilitoa huyu wa chuma. Wiki ya kwanza nilisimama mbele yake, nikamkazia macho, nikavuta kwa nguvu kama mwendawazimu. Vidole vikaachilia mbao, paipu ikarudi, jino likaenda zake. Nikiwa hapo chini nashika mdomo, Naftaly ananiambia, 'Wee Okello, hakuna aliyekufundisha? Hiki kitu ni kama mama mkwe. Hausimami mbele yake. Unasimama kando, unaangalia chini, unamwomba polepole. Ukimkosea heshima, anakunyoosha wewe.' Hiyo siku ndiyo jina lilikuja, mama. Kelele zote umesikia leo ni zangu. Mimi ndiye sina adabu. Yeye hajawahi kusimama mbele ya hiki chuma."

Mama Musimbi alikiinamia chuma. Akakiinua kidogo, akapima uzito wake.

"Anasimama kando?"

"Kila siku, mama. Hata tukiwa na haraka."

"Na macho?"

"Chini. Muulize Tonny."

Sella anasema mama yake alianza kutikisika mabega, akadhani analia. Wapi! Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya leso. Kisha akasema, "Miaka miwili nawaambia watu mtoto wangu ameibwa na mtu asiye na adabu. Nyasaye Mungu anisamehe." Akamrudishia Okello chuma. "Mpelekee. Mwambie mbao hazitajinyoosha zenyewe, na leo ni Alhamisi."

Ijumaa ile watu wa Kambi Muru wanaikumbuka. Mama Musimbi aliweka kigoda nje ya ua, akakaa amewapa mafundi mgongo, maana heshima ni pande mbili, na kutoka hapo hapo akasimamia kazi yote bila kuiona hata mara moja. Akisikia nyundo zimenyamaza, anaita: "Okello! Waulize mama mkwe amelala?" Jua lilipokuwa kali akatuma sufuria ya uji. Okello akampigia kelele juu ya ua, "Mama, amegoma kugeuka!" Naye akajibu bila kugeuza kichwa: "Mwombe! Si mlisema anaombwa!"

Jioni kenchi ya mwisho ikapigiliwa. Jumamosi asubuhi mabati yakafika nusu ya paa, na pasta akasema nusu inatosha, ilimradi maharusi wakae upande wenye bati. Katikati ya viapo mbao zikaanza kulia kwenye misumari, krr, krr, maana mbao iliyonyooshwa haisahau upesi. Watu wakaangalia juu. Mama Musimbi akasema kwa sauti, kanisa zima likamsikia, "Inalalamika tu. Hairudi." Pasta ilibidi asubiri kicheko kiishe ndipo Sella akasema ndiyo.

Miaka sita waliishi hivyo. Wakapata Austin, wakapata Christine, chumba kimoja kikawa viwili. Mama Musimbi na mkwe wake hawakupeana mkono hata mara moja. Salamu zilipitia kwa Sella au kwa Okello. Kila Krismasi ndizi zilitoka Vihiga, na kila Krismasi kiti kimoja kilienda Vihiga, mpaka mama akatuma ujumbe: viti vimetosha, sasa alete watoto. Sella ananiambia siku moja alimuuliza mumewe kama hatamani maisha makubwa kidogo. Naftaly alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Sella, mimi nilishapewa." Akaomba sukari.

Naftaly amezikwa kwao Kimilili. Baada ya mazishi jamaa wa pande zote wakakaa chini kuzungumza. Wako waliosema, tena kwa nia njema, kwamba Sella ni mjane kijana, arudi kwao Vihiga. Mama yake yupo, amchukue. Mama Musimbi akasimama. Magoti yanamsumbua siku hizi, alishikilia bega la Okello.

"Mara ya kwanza nilikuja kumchukua," akasema, "nikakuta ana nyumba. Nyumba hiyo bado iko. Mimi sitamtoa. Mimi ndiye nitahamia."

Na amehamia. Ndiye aliyenifungulia mlango Kawangware wiki jana, Christine yuko mgongoni, Austin amemshika sketi.

Wasikilizaji wapendwa, kabla hujazima redio, jiulize. Kuna mtu uliyekosana naye kwa neno ulilolisikia ukiwa nje ya ua. Pengine ni mwaka wa pili sasa, na bado hujaingia ndani kuuliza alikuwa na maana gani. Ingia, ndugu yangu. Uliza. Wepukhulu alipata bahati ya kusikilizwa mapema, na mnaona alichopata.

Sella, pole sana. Austin na Christine, baba yenu alikuwa mtu mzuri, msiambiwe vingine. Okello, pole kwa kumpoteza mwenzako wa kazi. Nawe Mama Musimbi, nilikuuliza pale mlangoni, kwa ajili ya kipindi hiki, nikutaje kuwa nani wa marehemu. Ulinitazama usoni, ukampandisha mtoto mgongoni, ukaniambia, "Sema mimi ni mama yake."

Basi nimesema. Pole, mama.