Makopo ya Matangani

Umewahi kuona mtu wa pwani akipeleka samaki wa kopo matangani? Mimi nilimwona kwenye basi la Madang, Mzee Damun, kapakata katoni nzima.

“Kaka, jodari wetu wameingia kiwandani kwa hao wageni wa kampuni, wametoka wamevaa bati?” mama muuza magimbi aliyekaa mbele yake akamcheka.

“Usicheke, mama. Kampuni imewaajiri binti zangu watatu. Hata shule imepata paa.”

“Na ghuba imepata nini? Harufu!”

Basi zima likaangua kicheko, nami nikiwemo, na meno yangu manne yaliyobaki.

Basi likasimama penye kilio. Mzee hakuinuka mara moja.

“Nilitaka kumzika dada yangu kwa jodari mbichi niliyemvua mwenyewe,” akasema. “Nimetupa ndoana siku tatu.”